Chakula Kilichopikwa Mara Tatu

Kundi letu la panya walioshiba lilipopagawa, sikuamini macho yangu. Kazi yangu ni kutunza panya weupe wa maabara, wadogo wa kuenea kiganjani. Kundi la kwanza tulilinyima vitamini B1 kwa makusudi, ili Profesa aone ubongo unavyoathirika. Hao tulitarajia wayumbe na wasahau njia. Kundi la pili lilikula chakula kamili, na asubuhi ile ndilo nililolikuta linazunguka kama pia, vichwa upande, macho yakichezacheza. Mmoja mpole, niliyezoea kumkuna shingo, aliniuma kidole mpaka damu. Nilifunga kidole kwa kitambaa, nikamwita Profesa.

Profesa alidhani nimechanganya masanduku. Nikamwambia masanduku yangu siyachanganyi hata nikiwa na homa, basi tukakifuata chakula hadi stoo. Mtu wa stoo, ambaye hunawa mikono mpaka ngozi inachubuka, alikuwa akikipitisha chakula kwenye mashine ya mvuke mara tatu badala ya mara moja. Alitaka kiwe safi zaidi. Profesa akashika kichwa. Moto wote ule, alisema, ulikuwa umeua vijidudu na vitamini pamoja. Panya walikuwa wakila wakashiba, huku ubongo unakufa njaa.

Nikakaa juu ya gunia. Nilikuwa nimemkumbuka mama.

Tangu mama alipougua tumbo, dada yangu mkubwa hampi kitu bila kukichemsha na kukichemsha tena. Maji ya mboga anayamwaga. Wali mweupe anauchemsha mpaka unageuka uji, na kwa miezi kadhaa mama alikuwa akiishi kwa uji huo. Akaanza kuyumba. Akamrushia dada kikombe, mama ambaye hajawahi kumfinya mtoto. Nyumba nzima tukasema ni uzee, na dada akazidisha usafi.

Nilipomweleza Profesa, hakunizungusha.

"Mpeleke hospitali sasa hivi," alisema. "Hii ikichelewa, kuna vitu ubongo haurudishi."

Daktari alimwambia mama afuate kidole kwa macho. Macho yakachezacheza, vilevile kama ya panya wangu. Alimchoma sindano ya vitamini papo hapo. Dada alikuwa amejibanza ukutani, akirudia kwamba alikuwa anamlinda. Nilimkasirikia na kumwonea huruma kwa mpigo mmoja.

Kesho yake macho ya mama yalitulia. Siku zilizofuata aliinuka, akatembea mpaka dirishani bila kushikwa, akalalamika kwamba pazia ni chafu. Tulicheka mpaka muuguzi akatunyamazisha. Nilijua tumewahi. Dada akafungua bakuli la maharage, akaanza kumlisha kijiko baada ya kijiko, uso wake umechangamka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Mama alikula vizuri. Kisha akamshika dada mkono, akamtazama kwa macho yaliyotulia kabisa.

"Asante, binti," alisema. "Una roho nzuri. Mama yako yupo?"

Nilimtazama dada. Akachota kijiko kingine.

"Yupo," akasema. "Kula."