Herufi za Kifuani

Mama Zedi alikuwa uani akianika mashuka alipokohoa, akaziba mdomo kwa kiganja, akatoa kibao cha mbao kisichozidi ukucha wa dole gumba. Kilikuwa na herufi Z. Alikifuta kwa pindo la gauni, akakitia mfukoni pamoja na vibanio vya nguo, akachukua shuka lililofuata.

Mumewe, fundi viatu, alikuwa mlangoni akigongomea kisigino.

"Zedi hiyo?" aliuliza.

"Zedi."

"Imelainishwa vizuri?"

"Kazi ya mkono wangu hiyo. Itakosaje?"

Kiwanda alichofanyia kazi kilitengeneza mchezo wa watu wa mbali, wanaokaa mezani na kupanga herufi ubaoni mpaka zitoe maneno ya Kiingereza. Yeye alikaa meza ya herufi adimu, Z na X na Q na J, akizipiga msasa hadi kingo zisikwaruze kidole. Vumbi lilielea humo kama unga. Dirisha la upande wao lilipigiliwa misumari tangu zamani, upepo usije ukapeperusha vibao.

Kulikuwa na desturi moja. Kabla kisanduku hakijafungwa, mfanyakazi alichota herufi kiganjani na kuunda neno fupi lenye herufi ya meza yake, msimamizi akiangalia. Akishindwa, kisanduku kizima kilirudi nyuma. Mama Zedi hakushindwa. Alikuwa na zoo na zip, alikuwa na ox, axe, jaw na jug, na quiz aliiweka akiba kwa siku ngumu. Maana zake hakuzijua. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Herufi zikawa zinakuja kila jioni, wakati pumzi inapokuwa fupi. Mumewe alizisafisha kwa kitambaa cha kung'arishia viatu na kuzipanga mezani, lakini hazikutoa neno, kwa kuwa zote zilikuwa za meza moja. Ndipo dada yake fundi, aliyeishi nyumba ya pili, alipoingia na bilauri yenye A, O na E. Yeye alistaafu kutoka meza ya irabu. Za kwake zilianza kutoka tangu mwaka uliopita, ila hakuona sababu ya kusumbua watu.

"Wifi," alisema akizimwaga, "bila mimi wewe huna unachoweza kutamka."

"Na wewe bila mimi ungebaki unalia aa, oo, kama mtoto mchanga."

Walicheka, kisha wakakohoa, kisha wakacheza. Fundi alikaa na kamusi kuukuu, akiwasomea maana taratibu, bila kuruka mstari.

"Ox," alisoma. "Maksai. Dume aliyehasiwa, wa kukokota mzigo."

Mama Zedi alilitazama neno lile. "Kumbe siku zote msimamizi ananiuliza neno, na mimi najitaja."

Baadaye akawa hawezi kulala chali. Mumewe alimsukia kiti cha mikanda ya ngozi, akawa analala ameketi. Hospitali kubwa ilikuwa na dawa ya vifua vya namna ile, lakini ilimpokea tu mtu ambaye daktari wa kiwanda amekiri kwamba ugonjwa wake umetoka kazini. Hilo ndilo walilokwenda kuomba.

Daktari alikuwa mtu mpole. Alimsikiliza kifua mbele na nyuma. Mama Zedi alipokohoa J, alimpa kikombe cha maji, akakichukua kibao na kukigeuza. Nyuma kulikuwa na muhuri wa kiwanda.

"Hii ni mali ya kampuni," alisema. "Mtu atapita kwenu kila Ijumaa kuzikusanya."

"Sawa, daktari," fundi alisema. "Ikiwa ni mali yenu, mnakubali imetoka kwenu."

"Bila shaka."

"Na imetoka kifuani mwake."

"Nimeona mwenyewe."

"Basi iliingiaje humo?"

Daktari alifikiri, maana swali lilikuwa la haki. "Hilo halijathibitishwa, mzee wangu," alisema, akampa mama dawa ya mafua.

Tangu hapo mlinzi wa getini alikuja kila Ijumaa na mfuko wa kitambaa. Alibisha hodi, alisalimia, alisubiri mchezo uishe ndipo azikusanye herufi. Mama Zedi alimwekea kiti.

Alikufa alasiri moja, zamu ya kucheza ikiwa yake. Alikuwa na Q mkononi. Ubaoni kulikuwa na I na Z, na alijua neno analolitaka, ila wifi yake hakuwa amekohoa U tangu Jumatatu.

"Nisubiri, wifi yangu," alisema dada yake fundi. Akainama, akakohoa kwa nguvu, akajipiga kifua kwa ngumi. Kilitoka kikohozi kitupu.

"Taratibu," Mama Zedi alisema. "Sina haraka."

Alisubiri ameegemea mikanda, Q imefumbatwa. Fundi aliendelea kushika ukurasa wa kamusi kwa kidole muda mrefu baada ya pumzi kukatika.

U ilitoka kesho yake, makaburini. Wifi aliisafisha kwa mtandio, akaisukuma ndani ya udongo kwa kidole gumba.

Mvua ya kwanza ilipoosha kaburi, herufi zilianza kuchomoza, Z na X na J, zikiwa laini kama alivyozizoea. Ijumaa mlinzi alikuja na mfuko wake. Magoti yalimsumbua, kwa hiyo fundi alimwokotea, akizifuta tope moja moja.

"Hizi nazo ni zao?" fundi aliuliza.

"Zina muhuri, kaka."

"Meza yake anakaa nani?"

"Binti mmoja. Mchangamfu. Ameshaijua zoo."

"Na dirisha?"

"Bado limepigiliwa."

Mlinzi alitaka kusema jambo jingine, lakini alikohoa. Alitazama kiganjani, akakigeuza kibao kuangalia muhuri. Kisha akakitia mfukoni pamoja na vile vingine, na kwa kuwa kikohozi kilikuwa hakijamwachia, fundi akamsaidia kufunga kamba ya mfuko.