Ncha Nyekundu Arobaini

Mgeni yeyote aliyekanyaga ua ule, awe muuguzi, msoma mita au mtu aliyepotea njia tu, hakuondoka bila kuhesabu. Mama mwenye nyumba alimsimamisha chini ya upenu, akamwonyesha ncha za mbao zilizochomoza chini ya mabati, kila moja imepakwa rangi nyekundu kichwani, akamwamuru: "Hesabu." Mgeni akahesabu. Ishirini mbele, ishirini nyuma.

"Arobaini," mama akadakia kabla mgeni hajafungua kinywa. "Hizi ndizo kenchi zinazobeba paa langu. Nilizipaka rangi kwa mkono wangu zikiwa bado zimelala hapa chini, maana mafundi nawajua. Ukigeuza shingo, ubao umepata miguu. Lakini ziliingia arobaini, na ziko juu arobaini. Haikupotea hata moja! Unajua kwa nini? Aliyejenga ni mdogo wangu, tumbo moja."

Na huyo mdogo wake, kama yupo hapo, alikuwa anatazama viatu vyake. Watu wakasema, jamani, tazama unyenyekevu. Unyenyekevu gani! Mtaa mzima walimwita Timazi, kwa ile kamba yenye risasi ambayo fundi huning'iniza kupima kama ukuta umenyooka. Jina alipewa na dada yake, na jina likamkaa.

Sasa sikiliza Timazi alifanya nini, maana sioni sababu ya kumfichia. Miaka ishirini na sita iliyopita, alipokuwa akimjengea dada yake nyumba ile, alikuwa na kijumba chake mwenyewe mtaa wa nyuma, kuta zimesimama, juu mbingu. Mke ana mimba ya miezi saba. Angeweza kumwambia dada yake, "Dada, sina paa." Dada aliyemlea tangu mama yao afariki, aliyemnunulia hata ule msumeno, angekosaje kumsaidia? Lakini kuomba kunataka moyo, na Timazi aliona wepesi kuiba. Akachukua msumeno huo huo akakata vichwa. Ndiyo, vichwa. Mbao kumi na nane, kila moja akaikata futi mbili za mwisho pamoja na rangi yake nyekundu. Vile vigutu akavilaza juu ya ukuta, akavigongelea misumari kimoja baada ya kingine katikati ya kenchi za kweli, vichwa vikachungulia nje kwa mstari. Ukisimama uani, unaona arobaini. Ukipanda darini, ishirini na mbili. Viwiliwili vya zile nyingine alivihamisha mchana, dada akiwa kazini, akaezekea kwake. Nyumba yake ilikuwa ndogo, ubao uliopungua futi mbili ulimtosha.

Dada aliporudi akahesabu ncha, akalia kwa furaha. Fundi mwenzake alipotaka kugongelea ubao wa kufunika ncha zile, kama nyumba zote za watu, dada akawa mkali. "Uufunike ushahidi wangu? Thubutu!"

Na paa likasimama, ndiyo balaa yenyewe. Mabati ni mepesi. Lingeanguka mwaka wa kwanza, Timazi angelia, angepigwa makofi mawili, yangekwisha. Lilisimama miaka ishirini na sita. Wanasema za mwizi ni arobaini, lakini ziko siku hujivuta, na kila siku moja ya hizo Timazi alikula chakula mezani kwa dada yake, akaitwa mkweli.

Kisha shemeji yake, mume wa dada, akaanza kuugua mapafu. Mwanzoni kikohozi, halafu ngazi tatu za mlangoni zikamshinda, mwisho akaletewa mashine ya oksijeni iliyonguruma kando ya kitanda usiku na mchana. Umeme ukikatika, mashine kimya, na shemeji anabaki kutweta huku dada akimpepea kwa gazeti, kana kwamba gazeti linatoa hewa. Ulikatika mara tatu ndani ya wiki moja. Mara ya tatu midomo ya mgonjwa iligeuka rangi.

"Nataka umeme wa jua," dada akasema. "Na nautaka wiki hii."

Akaja mhandisi, mwanamke mfupi mwenye kofia ngumu na maneno ya kupimwa. Watu walimwita Mama Spana na hakukasirika. Alizunguka nyumba na futi yake, akaupima mteremko wa paa, akapima nafasi kati ya ncha na ncha. Timazi alikuwa amebeba ngazi, hana pa kuiweka.

"Paneli kumi na mbili," Mama Spana akamweleza dada. "Kila moja kilo ishirini na kitu, na reli za kuzishika. Uzito tu usingenisumbua. Ninachoogopa ni upepo. Paa la mteremko, upepo ukiingia chini ya paneli, unazinyanyua. Unataka kuondoka nazo. Kwa hiyo skrubu zangu hazishiki bati, bati ni karatasi. Wala hazitoshi kushika papi, zile mbao nyembamba zinazopokea bati. Lazima zipite, zizame ndani ya kenchi. Na kenchi zisipishane zaidi ya sentimita sitini."

"Zinapishana ngapi?" dada akauliza, uso unang'aa.

"Sitini kamili. Nani alijenga?"

"Uliza tena!" Dada akamshika Timazi bega. "Huyu hapa."

Mama Spana akamtazama, akaitikia kwa kichwa, fundi kwa fundi. Kisha akasema ilivyo kawaida yake, kabla ya kufunga chochote, hukata tundu darini akapanda kuona mbao kwa macho. Dari lenyewe liko juu ya kitanda cha mgonjwa, na nyumba ile haikuwa na mlango wa kupandia darini. Aliyejenga alijua kwa nini.

"Umkatie dari juu ya kichwa?" Dada alishtuka. "Vumbi la miaka ishirini na sita limwangukie mtu ambaye hata hewa safi inampiga chenga? Haiwezekani."

"Basi kuna njia ya pili," Mama Spana akasema. "Fundi aliyejenga akinithibitishia kwa maandishi, na akatia sahihi, nitafunga."

Wakaingia sebuleni. Shemeji alikuwa kwenye kiti chake cha mito, mrija puani, mashine inanguruma kutoka chumbani. Karatasi ikawekwa mezani. Ilikuwa fupi: Mimi niliyejenga paa hili nathibitisha kwamba kenchi zote zimetoka ukutani hadi kwenye mgongo wa paa, nzima, bila kukatwa wala kuungwa.

Timazi aliisoma mara mbili. "Labda," akasema, "kwa vile mbao ni za zamani... tungempeleka shemeji kwangu siku moja, tukakata dari, tukaangalia kidogo."

"Tuangalie nini?" Dada alicheka. "Umejenga mwenyewe umesahau? Au uzee umeanzia kichwani?"

"Tia sahihi, shemeji," mgonjwa akasema, akivuta pumzi kati ya neno na neno. "Au unangoja... nikate roho... urithi redio yangu?"

Wote wakacheka. Timazi naye alicheka, Mungu amsamehe. Akawaza: papi ni nzuri, nilizichagua mwenyewe, huenda zitashika. Akawaza: nikisema sasa, mbele ya huyu mgeni, mbele ya shemeji. Akawaza mengi, ila hakuwaza upepo. Akachukua kalamu, akaandika jina lake lote kwa mwandiko mzuri, akauzungushia mkia chini kama kawaida yake. Dada akamwekea chai.

Asubuhi yake, ngazi zikaegemezwa. Mama Spana alipanda na wenzake wawili, akapiga mistari ya chaki juu ya mabati kuanzia kila ncha nyekundu hadi juu. Timazi alisimama uani. Alikuja tangu alfajiri, mwenyewe hajui kwa nini. Labda alitaka kuwa karibu, kama mtu anayesikilizia jino.

Skrubu ya kwanza ililia, ikazama, ikang'ata. Ya pili ililia kidogo tu, ikapita papi, kisha mashine ya kukazia ikapiga mluzi mwembamba. Ilikuwa inazunguka hewani. Ya tatu ikang'ata. Ya nne ikapiga mluzi.

Huko juu mashine ikazimwa. Mama Spana akashuka ngazi taratibu, akamwita Timazi kando ya tangi la maji.

"Ya kwanza mbao, ya pili hewa. Ya tatu mbao, ya nne hewa," akasema kwa sauti ya chini. "Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja, mzee wangu. Mchwa hali kwa zamu."

Timazi akatazama viatu vyake.

"Msumeno ninao. Naweza kuingia sasa hivi nimwonyeshe mwenyewe. Au utaongea wewe. Nakupa muda wa kunywa maji."

Akajaza kikombe chake bombani akaanza kunywa. Timazi akatazama kile kikombe kikiinuka. Kisha akaenda jikoni.

Dada alikuwa anapondaponda viazi vya mgonjwa. Timazi akasema yote akiwa amesimama mlangoni, kwa maneno machache, maana jambo lenyewe halikuwa refu. Nilikata vichwa. Ziko ishirini na mbili tu. Zilizobaki ni vigutu.

Dada akacheka. "Acha utani, nina kazi."

Halafu akauona uso wake.

Akatoka nje na mwiko mkononi. Akaburuta stuli hadi chini ya upenu, akapanda, yeye na miaka yake sitini na saba, akaikamata ile ncha ya pili akaivuta. Haikutoka. Mama Spana akamnyooshea nyundo. Dada akapiga mara moja, mara mbili, mara ya tatu kigutu kikang'oka na misumari yake, kikaanguka uani kwa kishindo. Futi mbili. Kichwa chekundu, mkia umekatwa kwa msumeno, safi kabisa, kazi ya fundi.

"Viko vingapi?"

"Kumi na nane."

"Na mbao zenyewe?"

"Kwangu."

Dada alishuka kwenye stuli. Akaokota kile kigutu, akakipakata, akatoka getini bila viatu. Timazi akamfuata nyuma hatua kumi, asithubutu kumfikia. Mke wa Timazi alipomwona akaanza, "Wifi, karibu, mbona miguu mitupu..." Dada akampita. Akaketi kwenye kiti chake, kile cha karibu na dirisha alichokalia kila Jumapili miaka yote hiyo, akainua macho. Sebule ile haikuwahi kuwekwa dari. Mara ngapi alimkaripia mdogo wake, weka dari, nyumba haina nguo! Mbao zilikuwa wazi juu ya kichwa chake, zimekolea moshi. Akahesabu kwa kidole. Tisa huku. Tisa huku.

"Nilikuwa kijana, dada," Timazi akasema. "Sikuwa na kitu. Leo hii nazing'oa zote, nakurudishia, nitalala nje."

"Mbao?" Dada akamgeukia. "Unadhani nimekuja kwa ajili ya mbao? Ulipoiba ulikuwa kijana maskini, mke ana mimba, na mimi mjinga nilihesabu vichwa nisihesabu miili. Hilo ningelimeza. Lakini jana, mdogo wangu. Jana una wajukuu. Umeshiba viazi vyangu. Mume wangu anatweta mbele yako, anakutania, na kitanda chake kiko chini ya paa hilo. Ukachukua kalamu. Ukaweka na mkia chini."

Timazi akapiga magoti. Dada hakumtazama.

"Usiguse hata moja," akasema. "Zikae hapo hapo. Na dari usiweke."

Paneli zilifungwa siku tatu baadaye, chini uani, juu ya nguzo za chuma, mahali palipokuwa na kamba ya nguo. Mama Spana alimwaga zege mwenyewe. Shemeji akapata hewa yake, umeme ukatike usikatike. Vigutu kumi na saba vilivyobaki viling'olewa siku hiyo hiyo, na upenu ukabaki kinywa chenye mapengo. Wapita njia wakauliza, kulikoni? Dada akawajibu wote kwa adabu: "Muulizeni Timazi."

Timazi alidhani dada hatakanyaga tena kwake, na moyoni, aibu iliyoje, alipata nafuu. Jumapili ikafika. Saa kumi kamili mlango ukagongwa. Dada aliingia, akamsalimu wifi yake, akauliza habari za wajukuu, akaketi karibu na dirisha. Timazi akamwamkia. Dada akaitikia kama mtu anavyoitikia salamu ya njiani. Akanywa chai yote. Kisha akainua uso, midomo ikachezacheza polepole, huku, halafu huku. Timazi alisimama ukutani akisubiri amalize.

"Kumi na nane," dada akamwambia wifi yake, akiweka kikombe chini. "Haikupotea hata moja."

Akaaga, akaenda zake. Jumapili iliyofuata, saa kumi, akaja tena.