Herufi za Mlango wa Mama Halo

Rangi ya zamani ikikwanguliwa haidondoki kama vumbi. Hujikunja, ikatoka vipande vipande kama maganda ya kitunguu. Fundi aliyekuwa akiikwangua asubuhi ile aliona kama majina ya milangoni yanavua nguo polepole ili yakalale. KARANI alikwenda, akaja Afisa Kumbukumbu. MPIGA CHAPA akawa Katibu Muhtasari. TARISHI, aliyekaa miaka yote koridoni akingoja kutumwa, akaamka Mhudumu wa Ofisi.

Fundi huyo watu walimwita Mama Brashi. Kazi aliirithi kwa marehemu mumewe, kama mwingine anavyorithi shamba. Na milango ya jengo lile la ofisi mumewe ndiye aliyeiandika, zamani, wao wakiwa bado maharusi. Ndiyo maana mkono wake ulikuwa mzito kidogo. Harufu ya rangi ikimpanda puani, alihisi bwana yule yuko nyuma yake, brashi kaibana kwenye meno, anaimba kwa pua.

"Mama, na mimi umenipa jina gani?" dereva aliuliza, akipita na kikombe cha chai.

"Afisa Usafirishaji."

"Ala! Na gari nalo?"

"La gari sikuambiwa. Nadhani litabaki bovu vilevile."

Dereva alicheka mpaka chai ikamwagika. "Basi jina limepanda cheo, kikombe ni kilekile."

Mlango wa mwisho uliandikwa OPARETA. Hapo Mama Brashi akatabasamu peke yake, kwa sababu mlango huo ulikuwa utani wao wa nyumbani. Mumewe, mtu aliyenyoosha herufi kama anayepiga shati pasi, hapa alikuwa ameharibu. Rangi ilirundikana tabaka juu ya tabaka, herufi zimevimba kama mikate. Mara ngapi alimwuliza, "Bwana, siku ile ulisinzia na brashi mkononi?" Naye hucheka tu na kusema, "Rangi ilinizidi."

Aibu ya marehemu hufunikwa na mkewe. Mama Brashi akakaza kisu, akakwangua zote. Akapiga msasa mpaka ubao ukawa laini kama shavu la mtoto, akapaka kijani kama milango mingine. Jina jipya angeliandika kesho yake.

Kesho yake korido ilikuwa imejaa mwanga wa jua la asubuhi, mweupe kama maziwa, na opareta wa simu akaja akipita katikati yake, kiganja kikiteleza ukutani. Mama Halo, kama walivyomwita, alikuwa haoni tangu utotoni. Alitembea peke yake, kichwa juu, na kila mtu alimsalimia, naye akamjibu kila mtu kwa sauti ile ambayo mji mzima uliijua kwenye simu.

Akaufikia mlango wake. Akaupapasa kama mtu anayepima homa ya mtoto. Akatikisa kichwa, akaupita. Akagusa ukuta wa mwisho, akarudi, akapapasa mlango wa jirani, na wa jirani wa jirani.

"Jamani, mlango wangu umekwenda wapi?"

Mama Brashi alimkimbilia. "Ni huu hapa, dada. Nimeukwangua ili nibadilishe jina."

"Na herufi umezikwangua?"

"Zilikuwa mbaya, dada yangu. Zilivimba."

"Zilikuwa zangu," alisema Mama Halo.

Akasimama ameegemea ule ulaini, akasimulia. Alipoanza kazi alikuwa akishikwa mkono kila asubuhi, anaongozwa kama mbuzi wa mnadani, na wapo waliosema arudishwe kwao. Kijana mmoja mpaka rangi alimwona. Kila jioni akawa anarudi kuongeza rangi kwenye zile herufi, hata zikainuka. Siku zilipokauka akamwekea kidole kwenye ya kwanza, akamwambia, "Hii ni duara, kama mdomo wa kikombe. Ukiikuta, umefika." Akamsihi asimwambie mtu, maana wakubwa wa wakati ule hawakupenda rangi ipotee.

"Tangu hapo sijashikwa mkono," alisema Mama Halo. "Sasa wataanza tena. Wakishaanza, watasema nimezeeka, nikapumzike."

"Kwani huwezi kuhesabu milango?"

"Nikihesabu, mtu ananisalimia. Nimwambie anyamaze? Mwenzangu, mimi naishi kwa sauti za watu."

Mama Brashi aliweka kiganja chake juu ya ubao ule laini. Akasema, "Kijana yule alikuwa mume wangu. Na mimi nilikuwa namcheka."

Meneja akatokea, kijana mwenye adabu. "Shikamooni, mama zangu." Aliposikiliza yote alisikitika kweli, lakini wakaguzi walikuwa njiani, na herufi zote zilitakiwa ziwe nyembamba, zifanane. "Ila usihofu, mama. Nitakushika mkono mimi mwenyewe, kila siku."

"Asante, mwanangu," alisema Mama Halo, kwa sauti ya mtu anayekata simu taratibu.

Mama Brashi aliandika juu ya mlango, kwa herufi nyembamba: Afisa Huduma kwa Wateja. Kisha akainama hadi pale kiganja kinapopita, akachovya brashi kwenye kijani kilekile cha mlango.

Akapaka duara, kisha herufi nyingine za OPARETA. Akaenda milango mingine, rangi ikikauka akarudi, akaongeza. Hivyo hivyo, siku baada ya siku. Wakati wa kungoja alikaa sakafuni, akasikia ndani sauti ya Mama Halo ikiunganisha watu, na usingizi mwepesi ukamchukua. Humo mumewe alikuwa akiimba kwa pua, wala hakumlaumu. Alimsogeza kiwiko tu: hapo bado, ongeza.

"Mama, kijani juu ya kijani?" dereva aliuliza. "Unafanya nini?"

"Naandika."

"Mbona sioni kitu?"

"Hukuandikiwa wewe, Afisa Usafirishaji."

Siku herufi zilipokauka sawasawa, Mama Brashi alisimama pembeni, wala hakumwambia mtu. Mama Halo akaja, meneja ubavuni kamshika mkono. Dereva akawasalimia, karani akawasalimia. Mkono mwingine wa Mama Halo ulikuwa ukiteleza ukutani kwa mazoea tu. Ukagusa mlango.

Ukasimama.

Kidole kikazunguka duara, mara moja, na tena, kama kinapita kwenye mdomo wa kikombe. Meneja akainama, akatazama kwa upande ambako mwanga ulipiga, akaziona. Akamtazama Mama Brashi, kisha taratibu akauachia mkono aliokuwa ameushika.

"Halo," Mama Halo aliuambia mlango, akaingia peke yake.