Mke Mkubwa Ana Miaka Themanini na Moja

Usiku wa kuamkia leo niliota ninafunga ndoa na mchumba wangu Nasemba, na mfungishaji alikuwa kinu cha kutwangia. Kimevaa miwani na tai. Mchi umesimama kando na daftari, ndiye karani. Hakuna aliyeshangaa, hata mimi.

"Kuna mwenye pingamizi?" kinauliza kinu.

"Mimi," anasema Bibi Mamhando, mama yake baba yangu. "Huyo ni mume wangu."

Watu wanaangua kicheko. Bibi ameniita mume wake tangu nizaliwe, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wa kiume. Kinu hakicheki.

"Humu hakuna utani. Neno likisemwa limesemwa. Mahari yalitolewa?"

"Nusu andazi," anajibu Bibi. "Alikuwa na miaka minne. Nusu nyingine alishaila."

Wazee wa ukoo wanaapa kwamba andazi lilikuwa na iliki. Mchi unaandika.

Mara tumo uwanja wa mpira. Nasemba goli hili, Bibi goli lile, mimi nimewekwa katikati panapowekwa mpira. Refa ni shangazi yangu Mwanakombo. Kwa kuwa shangazi ni baba, ameota ndevu nzuri kabisa, na anazichana kwa madaha kabla ya kupuliza filimbi.

Nasemba anaanza kuifuta hina mikononi. Hapo nikaogopa kweli.

"Bibi, nakushika miguu, usinivunjie ndoa!"

"Nani anavunja?" Bibi ananikodolea macho. "Oa, mume wangu, oa hata kesho. Mimi nataka zamu yangu. Wanaume mkishaoa hamrudi. Babu yako alikuja kurudi kwao siku ya kumzika mama yake. Mimi nani atanikata kucha?"

Nikaona haya, maana tangu nichumbie sijakanyaga kwake.

"Jumapili," nikasema. "Kila Jumapili ni yako."

"Mke mdogo anasemaje?" kinauliza kinu.

"Amchukue," anasema Nasemba. "Nami nipate siku ya kulala."

Vigelegele! Kinu kinarukaruka, miwani imekidondoka, shangazi anapeperusha ndevu, na Bibi anamkumbatia Nasemba huku wote wawili wakinisema. Nikaamka nacheka peke yangu kitandani.

Kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa Nasemba: "Bibi yako kanipigia alfajiri. Kaniita mke mwenza, kanishukuru kwa Jumapili. Nimempa Jumapili gani mimi?"