Zamu ya Nasr

Bibi Wadha alikuwa anamwogesha mjukuu wake katika beseni la plastiki, sebuleni, kwa sababu bafu la nyumba ya bintiye lina utelezi na yeye hana imani na magoti yake, maji ya falaji yalipoingia kwa chini ya mlango. Ilikuwa Alhamisi, baada ya sala ya alasiri. Maji yalipita pembeni mwa zulia bila kulilowesha, yakauzunguka mguu wa meza, yakaja kutulia miguuni pake. Yalikuwa vuguvugu, kama yalivyo maji ya falaji wakati wa baridi. Bibi aliyajaribu kwa kiwiko, akaona yanafaa, akayachota kwa kikombe na kumsuuzia mtoto mgongo.

"Maji gani hayo, Mama?" aliuliza Ibtihal, bintiye, akiwa jikoni.

"Ya babu yako," alisema Bibi. "Niletee taulo, mwanangu."

Nyumba ya Ibtihal iko juu, kwenye viwanja vipya vya mji wa Ibra, Omani. Falaji liko chini, kwenye mitende ya zamani: mfereji wa kale unaotoa maji chini ya mlima na kuyagawa mashambani. Kila ukoo una zamu yake, na zamu hurithiwa kama nyumba inavyorithiwa. Ukifika wakati wako, unaondoa jiwe lililofungwa matambara kwenye mdomo wa shamba lako, maji yanaingia. Ukimalizika, unalirudisha. Zamu ya Alhamisi alasiri watu waliiita zamu ya Nasr, na kwa miaka mingi ilikuwa ikinywesha mitende ya mzee Khalaf, baba mkwe wa Ibtihal. Nasr alikuwa nani, hakuna aliyeuliza. Jina la zamu ni kama jina la barabara, watu hulitumia tu.

Alhamisi ile Khalaf aliondoa jiwe kama kawaida, na maji yakampita. Yalipanda ngazi za mtaa wa zamani, yakafuata lami, yakafika barabara kuu na kusubiri gari zipite. Kisha yakavuka, yakapita mbele ya duka la mikate, yakakwea kilima mpaka kwa Ibtihal. Alhamisi ya pili yakafanya vivyo hivyo. Majirani walilalamika kidogo, kwa sababu ya matope kwenye matairi. Msimamizi wa falaji alikuja, akayatazama, akasema yeye kazi yake ni maji yaliyomo mferejini, na haya yamo barabarani. Msimamizi wa barabara naye alikuja, akaweka kile kibao cha manjano cha kuonya watu juu ya utelezi, akaenda zake. Kibao kikabaki pale pale.

Bibi Wadha na mumewe, Bwana Mahrous, walikuwa wametoka Unguja kuja kumpokea mjukuu. Mtoto akazaliwa salama, akaitwa Manar. Arobaini ilipokwisha Ibtihal alilia, akasema bado hajaweza mwenyewe, basi viza ikaongezwa na wazee wakakaa. Walikaa vizuri, kusema kweli. Leo wamealikwa chakula cha mchana huku, kesho kahawa kule, na kila nyumba waliyoingia Khalaf alitangulia mlangoni akiwatambulisha: hawa wageni wetu, kutoka Zanzibar. Bibi aliitikia salamu za watoto, akala wali wake, akanyamaza. Alikuwa amezoea kunyamaza juu ya jambo hilo tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi.

Lakini huwezi kunyamaza na huku miguu yako imo majini. Jioni ile, mtoto alipolala, alimweleza binti yake yote.

Nasr alikuwa baba yake. Aliondoka Ibra kijana, na zamu yake ya maji akamwachia kaka yake amtunzie, mpaka arudi yeye au arudi aliyetoka kwake. Kule Unguja akaoa, akampata Wadha, mtoto wake wa pekee. Baadaye kaka yake akamletea mwanawe asome, na mwana huyo ndiye Khalaf. Alikaa kwao, mtaa wa Malindi, miaka, akila sinia moja na Wadha, akifuliwa kanzu za chuoni na mamake Wadha, na akimwita Wadha binti ami asubuhi na jioni, hata akimgombeza. Akarudi Omani kabla ya mapinduzi. Zikapita siku, mambo yakageuka, na watu wenye asili ya huku wakaanza kurejea. Wadha naye akataka kurejea. Sharti lilikuwa jamaa mmoja asimame aseme anamjua. Aliyeulizwa ni Khalaf. Khalaf akasema ami yake Nasr alikufa bila kuacha mtoto. Na asiyeacha mtoto, zamu yake huenda kwa kaka yake.

"Na alipokuja kuniposea mwanawe?" aliuliza Ibtihal.

Hapo ndipo pa kuchekesha, alisema mamake, ingawa hakucheka. Alikuja mwenyewe mpaka Unguja, akakaa kwenye kochi langu, akasema hakuna haja ya kuulizana, sisi damu moja. Undugu ulifaa kwa posa. Kwa maji haukufaa. Mimi nikatazama nyuma ya pazia, nikakuona umesimama pale unavyofurahi. Nikasema tumekubali.

Ibtihal alitaka mumewe, Aflah, akakabiliane na baba yake usiku ule ule. Aflah ni mwalimu, mtu mpole, na angekwenda. Bibi alimkataza bintiye. Alisema mume mwema hagombanishwi na babake, maana ukishamgombanisha utalala naye wewe, si maji. Ibtihal alikasirika na kuona mamake ni mwoga. Bibi hakuwa mwoga. Aliumia, na maumivu yake alikuwa ameshayajua kila kona, kama mtu anavyoijua nyumba yake gizani. Asichotaka ni kumhamishia bintiye.

Basi ikawa ndio kawaida. Kila Alhamisi alasiri maji yanakuja, Bibi anamwogeshea mtoto, kisha anakaa na miguu yake ndani mpaka zamu iishe na maji yarudi yalikotoka. Bwana Mahrous hungoja pembeni na taulo begani. Alikuwa akiogopa baridi yabisi kuliko anavyoogopa kufa. Humkausha mkewe kidole kimoja kimoja, na katikati ya vidole, akimsimulia habari za mpira wa kule nyumbani ambazo Bibi hazisikilizi. Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumshika miguu mbele za watu. Safari hii hakujali.

Alhamisi moja walikuwa mjini Nizwa, kwa Yaqoob, aliyesoma darasa moja na Bwana Mahrous. Alasiri ikapita, maji hayakuonekana, na Bibi akala halua yake bila raha. Yalifika Ijumaa, watu wakijiandaa kwenda msikitini, yamechoka na yana vumbi, yamebeba kijiti cha mgunga na kifuniko cha soda. Mke wa Yaqoob aliyatandikia taulo kizingitini na kuyakaribisha. Yaqoob, ambaye Mahrous alikuwa ameshamweleza yote, alivaa miwani, akayatazama vizuri.

"Dada Wadha, huna haja ya wakili," alisema. "Nenda nayo mahakamani kama yalivyo. Hakimu ana macho."

"Na Manar nimwambie nini? Kuwa bibi yake alimshitaki babu yake?"

Yaqoob akasema basi aombe sulhu, aseme anataka nini. Bibi alijibu kwamba anachokitaka hakikai ndani ya debe. Njia nzima ya kurudi Ibra mumewe aliushika mkono wake kiti cha nyuma. Maji yaliwafuata pembeni mwa barabara mpaka Izki, hapo yakabaki nyuma.

Huko chini mitende ya Khalaf ilianza kunyong'onyea. Ile ya mwisho wa shamba, ya tende za khalasi, iliinamisha makuti, na wenye mashamba ya jirani wakawa wanapita wakitazama bila kusema neno. Wote walijua Alhamisi alasiri ni ya nani. Mwishowe Khalaf alipanda kilima kwa miguu yake, na bakuli la halua, siku ya Alhamisi. Alivua viatu karibu na kibao cha manjano, akaingia. Ibtihal alimbusu kichwa, akammiminia kahawa, akakaa na mtoto mapajani. Hakutoka chumbani ingawa alijua angepaswa.

Khalaf aliuliza hali ya magoti. Aliuliza hali ya Unguja, kama ule mskiti wa Malindi bado una kisima. Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha utotoni, kizuri, cha mjini. Maji yakaingia wakiwa bado katika habari ya kisima. Yalivipita viatu vya Khalaf, yakampita na yeye mwenyewe, yakatulia miguuni pa Bibi, na wote wakayatazama.

"Mitende inakufa, Bibi Wadha," alisema Khalaf.

"Naiona. Na mimi inaniuma."

"Yanakusikia wewe. Yaambie yarudi."

Bibi alimwambia atayaambia. Hataki shamba, hataki zamu, yeye na Mahrous watu wa kuondoka, na viza yao inaishia. Anataka kitu kimoja, na si kikubwa.

"Niite ulivyokuwa ukiniita Malindi," alisema. "Mara moja tu, mbele ya binti yangu."

Khalaf aliinamia finjani yake. Aliizungusha vidoleni, na Ibtihal aliyekuwa akimchukia tangu Alhamisi ile akajikuta anamwonea huruma.

"Neno likitoka mdomoni kwa mzee," alisema Khalaf, "lina watu nyuma yake."

"Lina mtu mmoja tu. Mimi."

Kwa watu wa huku, mgeni akitosheka na kahawa huitikisa finjani, na mmiminaji hujua asimwongeze. Khalaf aliitikisa finjani yake. Hakuna aliyekuwa ameshika birika. Kisha akainuka, akamwombea Bibi afya na safari njema, akamwambia nyumba hii ni yake na milango yote ya Ibra i wazi kwa wageni. Mlangoni alichukua muda mrefu kuvaa viatu.

Usiku ule Ibtihal alimwambia mamake: sasa basi, mwache akose.

Alhamisi ya mwisho, mizigo ikiwa tayari imefungwa, alimwogesha Manar kwa mara ya mwisho, akamfuta, akampaka mafuta, akambusu nyayo. Akayainamia maji. Aliyasemesha kwa sauti ya kawaida, kama anavyosemeshwa mtoto anayetumwa dukani.

"Nendeni mkanyweshe," alisema. "Mitende haijamkana mtu. Ila mpitieni kwanza huyu mtoto."

Alilia kidogo, kisha akamnyooshea mumewe mguu. Bwana Mahrous alikausha, kidole kimoja kimoja. Maji yaliteremka kilima, yakasubiri gari zipite, na kabla ya magharibi yakaingia shambani kwa Khalaf.

Uwanja wa ndege Khalaf alikuja pia, na kanzu mpya. Alimtaja Bibi kwa mpangaji wa mizigo kuwa ni mgeni wao mtukufu, asiwekwe foleni. Bibi alimshukuru.

Hivi sasa mitende imerudi vizuri, na khalasi ya mwaka huu ilikuwa tamu kupita zote. Khalaf alipeleka kikapu Unguja. Bibi Wadha alikula tende hizo na kuwagawia majirani. Kule nyumbani kwake, kila Alhamisi alasiri, Bwana Mahrous huleta taulo. Miguu mikavu, naye huifuta tu, na Bibi humwachia.

Na kila Alhamisi alasiri maji hupanda kwanza kilimani. Ibtihal hukaa kizingitini na kumtia Manar miguu ndani, naye Manar hupiga mateke. Maji hukaa kidogo, kisha huteremka. Majirani wameshahamisha gari zao upande wa pili.

Juzi alikuja msimamizi mpya wa falaji, kijana anayeitwa Azzam, kuzifuata zamu moja moja azijue. Akapanda na maji mpaka mlangoni, Khalaf yuko naye. Alimsalimia Ibtihal, akamchezea mtoto kidogo. Halafu akamuuliza mzee kwa nini zamu hii ikaitwa ya Nasr, na Nasr mwenyewe ni nani.

"Jina la zamani tu," alisema Khalaf. "Aliondoka, akafia mbali. Hakuacha mtoto."

Ibtihal alimtazama, na Khalaf akatazama maji. Manar alikuwa amesimama ndani yake, kashika kidole cha babu yake ili asianguke. Khalaf alingoja mpaka mtoto alipokaa sawa, akauchomoa mkono wake taratibu, akapandisha kanzu isilowe, akayavuka.