Nenosiri la Xavérine

"Geuka kwanza," Xavérine alisema, na Swafiya akageuka, akautazama ukuta.

Nyuma yake alisikia vidole vikishuka juu ya kibodi kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayechambua mchele. Kisha pumzi ndefu.

"Imekataa."

"Inasema nenosiri si sahihi?"

"Inasema akaunti imefungwa. Mwanangu, nimeandika mara moja tu. Mara moja!"

Tangu aanze kazi ya ufundi wa kompyuta, Swafiya hakuwahi kukutana na mtu aliyekiri kwamba amekosea zaidi ya mara moja. Aliinama, akaisoma skrini, akajua kwamba itabidi apande tena ngazi hadi kwenye chumba cha seva.

Nje ya ghala, lori la dereva Twizeyimana lilikuwa linanguruma. Masanduku ya insulini yalikuwa tayari mlangoni, yamefunikwa kwa vitambaa vya kuzuia joto, na jua la Masoro, mtaa wa viwanda wa Kigali, lilikwisha kuvuka paa la kiwanda cha jirani. Lakini hakuna sanduku lililoruhusiwa kutoka mpaka Xavérine, mtunza ghala, aliruhusu kwenye kompyuta kwa jina lake. Hiyo ilikuwa kazi yake tangu ghala hilo la dawa lilipofunguliwa. Madereva walikuwa wamezoea kumsikia akiwasomea kila kliniki na mzigo wake hata kabla hajatazama skrini.

"Leo tena?"

Alikuwa Bertrand, mkuu wa ghala, amesimama kwenye ngazi na simu mkononi. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alishusha tu sauti, na wapakiaji wote wakanyamaza ili wasikie.

"Naifungua sasa hivi, bosi," Swafiya alisema.

Kompyuta zote za ghala zilikuwa za Linux, na zote zilikuwa zimeunganishwa kwenye domeni moja. Maana yake ni kwamba hakuna hata moja iliyojiamulia nani aingie. Ukiandika jina na nenosiri lako mezani, swali lilikwenda kwenye seva iliyokaa katika chumba kidogo karibu na jiko, na seva ndiyo iliyojibu ndiyo au hapana. Nenosiri likikosewa mara kadhaa mfululizo, seva ilimfungia mtu mlango, na Swafiya ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuufungua.

Aliufungua. Xavérine akaingia. Lori likaondoka, likiacha moshi na harufu ya dizeli.

"Njoo," Bertrand akamwita Swafiya, lakini hakusubiri wafike ofisini. Alianza kusema palepale chini ya ngazi. "Mwanzo wa mwezi tuliwaambia watu wote wabadilishe nenosiri. Wote wamebadilisha, wote wanaingia. Yeye peke yake hawezi. Donc, basi, tatizo si mashine."

"Bosi, labda..."

"Insulini haingoji mtu akumbuke. Jumatatu, Iradukunda wa mauzo atakaa kwenye ile meza. Mama Xavérine ataenda kufunga maboksi. Nitawatangazia saa tisa."

Xavérine alikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Hakuinua kichwa. Alikuwa akiupangusa mgongo wa kibodi kwa kitambaa, kibodi ambayo haikuwa na vumbi.

"Nipe mpaka hiyo saa tisa," Swafiya alisema.

"Ya nini?"

"Kila siku ninafungua mlango. Sijawahi kuuliza nani anaufunga."

Bertrand alimtazama kidogo. Mkataba wa Swafiya ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi uleule, na mwenye kuurefusha alikuwa yeye. Wote wawili walilijua hilo. "Saa tisa," akasema, akapanda ngazi.

Swafiya alivuta kiti akaketi karibu na Xavérine. Walizoea kuzungumza Kiswahili wao wawili. Swafiya alikulia Biryogo, mtaa wa Kigali, ambako baba yake alishona kanzu na suruali, na lugha hiyo aliikuta nyumbani. Xavérine alikulia Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, mtoto wa wakimbizi, akarudi Rwanda akiwa mwanamke mzima. Kinyarwanda chake watu wa Kigali walikicheka kidogo. Kiswahili chake hakikuchekwa na mtu.

"Usijisumbue, mwanangu," Xavérine alisema. "Maboksi pia iko kazi."

"Hujasahau nenosiri, Mama. Ukishafunguliwa unaingia."

"Leo naingia. Kesho je?" Alikikunja kile kitambaa mara mbili, akakikunjua. "Mama yangu alianza hivi hivi. Kwanza ilikuwa funguo. Halafu sufuria motoni. Halafu siku moja nimemletea uji, ananiuliza, wewe binti uko wa nani? Mimi sasa niko na umri uleule wake, wa kuanza." Alicheka kicheko kisicho na sauti. "Usiku nalala nikilirudia hilo nenosiri kama rozari. Asubuhi mashine inaniambia hapana. Sasa nani ataniambia kama ni mashine ama ni mimi?"

Swafiya alikumbuka. Juma lililopita alisimama palepale akasema kwa mzaha, umelisahau tena, Mama? Na Xavérine alicheka naye.

"Mimi nitakuambia," alisema.

Alianza na lililo rahisi. Huenda kibodi ilikuwa imegeukia mpangilio wa Kifaransa wakati wa kuingia, a ikawa q, na Xavérine anaandika sawa huku mashine ikisoma vingine. Aliangalia. Mpangilio ulikuwa uleule. Akaja kwenye saa, kwa sababu saa ya kompyuta ikipishana sana na ya seva, seva humkataa hata mwenye haki. Saa zilikuwa sawasawa. Akasoma kumbukumbu za kompyuta yenyewe kuanzia asubuhi, mstari kwa mstari, akaona jaribio la Xavérine lililokataliwa: moja. Alirudi juu akasoma tena. Kweli lilikuwa moja, na lilipofika kwenye seva lilikuta mlango umekwisha kufungwa.

Alikaa akiutazama mstari ule.

"Mama," alisema polepole, "tuweke nenosiri jipya, la muda. Tulijue wote wawili."

Wakaliweka. Xavérine akaliandika mwenyewe huku Swafiya akitazama kila kidole. Akaingia bila shida. Kisha Swafiya akamwambia atoke, afunge skrini, wakanywe chai.

"Chai? Na saa inakwenda?"

"Ndiyo hasa, nataka iende. Twende."

Kwenye kantini waliketi mezani karibu na dirisha. Swafiya alimwomba aiweke mikono yake yote miwili kwenye kikombe asiitoe, na Xavérine akatii bila kuuliza, kama mgonjwa kwa daktari. Waliongea juu ya bei ya ndizi, juu ya mjukuu wake anayecheza mpira. Swafiya hakusikia nusu ya maneno. Alikuwa akitazama mlango wa ghala, ambao yeyote atakayeikaribia ile meza lazima aupite. Hakupita mtu.

Waliporudi, Xavérine aliandika nenosiri lile la muda, Swafiya akilisoma kwa sauti ya chini, herufi kwa herufi.

Akaunti imefungwa.

Xavérine aliishika meza. "Umeona? Imenikataa tena."

"Nimeona," Swafiya alisema. "Nimeona mikono yako ilikuwa kwenye kikombe. Mama, si wewe. Kuna mwingine anayepiga hodi kwa jina lako."

Alizipanda ngazi kwa haraka. Siku zote alipofika kwenye seva alikuwa akifungua akaunti na kushuka mbio kwa sababu lori linangoja. Sasa aliketi, akazifungua kumbukumbu za seva, akatafuta jina moja tu. Likajitokeza. Jina la Xavérine, nenosiri si sahihi. Tena. Tena. Tena, mpaka mlango ukafungwa. Halafu kimya, halafu saa iliyofuata hodi zilezile, mlango uwe wazi au umefungwa, usiku na mchana, hata Jumapili, hata saa ambazo Xavérine alikuwa kanisani. Na kila mara majaribio yalitoka kwenye mashine moja: baridi-2.

Katika mashine zote alizokabidhiwa alipoajiriwa, hakukuwa na baridi-2. Aliitumia salamu kwenye mtandao, kama mtu anayeita gizani, na mashine ikaitika mara moja. Ilikuwa inafanya kazi. Ilikuwa ndani ya jengo hilohilo.

"Baridi?" Xavérine alisema Swafiya aliposhuka na kumtajia jina hilo. "Kuna chumba cha baridi cha zamani, nyuma kule. Walikifunga kabla hujafika, walipojenga hiki kikubwa."

Funguo zilikuwa kwa Kubwimana, mlinzi, na Kubwimana hakupenda. "Hakuna kitu mle, dada. Ni pallet za mbao zilizovunjika tu. Bosi amesema mtu asiingie, zitamwangukia."

"Basi ingia na mimi uzizuie zisiniangukie."

Kubwimana alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Akafungua.

Chumba kilikuwa na giza na harufu ya mbao zilizonyonya maji. Swafiya alitangulia kwa tochi ya simu, akihamisha pallet moja baada ya nyingine. Misumari ilimkwaruza kiganja, ushungi ukanasa kwenye ubao akaunasua, akaendelea. Kubwimana aliguna, halafu akavua koti akasaidia. Mbele ya pallet za mwisho wote wawili walisimama. Walisikia mvumo mdogo, wa feni.

Kompyuta ilikuwa sakafuni pembeni, imevaa vumbi kama sufu. Skrini yake ilikwisha kuchukuliwa. Waya wa mtandao ulipanda ukutani ukapotelea darini. Na taa yake ndogo ya kijani ilikuwa ikipepesa.

Swafiya alileta skrini nyingine akaiunganisha, akapiga magoti kwenye saruji. Haikumchukua muda kuelewa. Zamani mashine ile ilikuwa ikipima joto la chumba na kuyapeleka matokeo kwenye folda ya pamoja kila saa, na ili iruhusiwe kuingia kwenye folda hiyo, mtu alikuwa ameihifadhia jina na nenosiri. Chumba kilikufa, vipimo vikang'olewa, lakini hakuna aliyeiambia mashine iache. Mwanzo wa mwezi watu wote walipobadilisha nenosiri, yenyewe ilibaki na la zamani. Kila saa ilipiga hodi kwa neno ambalo halikubaliki tena.

"Achille!" Xavérine alikuwa amesimama mlangoni. Achille ndiye aliyekuwa fundi kabla ya Swafiya. "Aliniambia, Mama, andika neno lako hapa mara moja, sitakusumbua tena. Nilikaa kwenye kiti, pale." Alionyesha mahali ambapo sasa palikuwa na pallet. "Nakumbuka. Nilikuwa nimevaa sweta mbili."

Swafiya hakuchomoa waya. Alitaka kuwa na hakika. Aliizuia ile kazi ya kila saa, akaifungua akaunti, akarudi kwenye seva akakaa. Saa ya ukutani ilikaribia ile dakika ya hodi. Ikafika. Ikapita. Jina la Xavérine halikujitokeza. Alingoja tena mpaka zamu iliyofuata, ingawa saa tisa ilikuwa inakaribia na kiganja kilikuwa kinawasha. Hakuna kitu.

Bertrand aliisoma mistari yote aliyoonyeshwa. Aliuliza maswali mawili, yote ya maana, akajibiwa. Kisha alijifuta uso kwa viganja.

"Mashine tuliyoisahau sisi," alisema.

"Ndiyo, bosi."

"Sawa. Iradukunda abaki mauzo. Kamwambie Mama Xavérine hahami."

Swafiya alikuwa amekwisha kushika kitasa cha mlango. Akakiachia. "Hapana, bosi."

"Hapana nini?"

"Asubuhi ulisema mbele ya wapakiaji. Nikimwambia mimi, atajua kwamba hahami. Ukimwambia wewe, watajua wote kwamba hakusahau." Sauti ilimtetemeka mwishoni, na aliichukia kwa kutetemeka, lakini hakuyaondoa macho.

Bertrand aliirudia ile mistari mmoja mmoja, na Swafiya akaufikiria mkataba, kodi ya nyumba, na baba yake aliyemwambia kila mtu Biryogo kwamba binti yake ni fundi wa kompyuta. Kisha mkuu wa ghala aliinuka akafunga kifungo cha koti.

Aliteremka hadi sakafuni, katikati ya wapakiaji. "Mama Xavérine," alisema, na akasema kwa Kinyarwanda ili asikike na kila mtu, "mbabarira." Nisamehe. "Haikuwa wewe. Ilikuwa mashine yetu."

Xavérine aliitikia kwa kichwa, mara moja. "Lori la kwenda Huye linakuja saa ngapi?" akauliza, akaketi kwenye kiti chake.

Jioni mvua iliwakuta getini, kubwa, ya ghafla, na wanawake wawili wakajibanza chini ya kibanda cha Kubwimana. Barabara ya kuteremka kutoka kwenye viwanda ilikuwa mto mwekundu. Mabasi yalipita na taa zimewashwa.

Xavérine alikuwa akisemasema kitu peke yake. Swafiya alidhani ni sala, akasogea, akasikia kwamba ni majina.

"...halafu kwa Mzee Saidi, muuza mkaa. Halafu kwa wale Wakongo, mlango wa bati. Halafu kwa Mama Zubeda, aliyekuwa na mbuzi. Ni barabara yetu ya Buyenzi," alieleza bila kugeuka. "Natoka nyumbani kwenda kisimani. Upande wa kulia. Najipima."

Aliendelea, nyumba kwa nyumba, kidole chake kikisogea hewani. Fundi baiskeli. Mjane mwenye redio. Nyumba ya ghorofa isiyomalizika. Kisha kidole kilisimama.

"Na hapa..." alisema.

Mvua iliyapiga mabati. Basi lao lilikuja, likapunguza mwendo, kondakta akachungulia dirishani.

"Ngoja," Xavérine alisema, macho kayafumba. "Usinisaidie."

Swafiya asingeweza kumsaidia hata kama angetaka; Buyenzi hakuwahi kufika. Alimpungia kondakta waende zao, akasimama karibu naye, bega kwa bega, akingoja.