Kigoda Zizini

Silvano aliamka alfajiri, akabeba kigoda chake, akaenda kukaa juu ya lundo la samadi katika zizi la marehemu mdogo wake. Mzee mzima, na suruali ya kanisani! Aliapa samadi haitoki. Tangu enzi za babu zao, alisema, samadi ikihama zizini, baraka ya mifugo huifuata.

Anitha, mjane wa marehemu, alimkuta hapo alipofika na mkokoteni wa punda.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Rudisha punda."

Hakurudisha. Msimu uliopita aliimwagia mizabibu yake mbolea ya dukani bila kipimo. Majani yakashamiri kama mchicha, zabibu hakuna. Sasa serikali ilikuwa inatoa ruzuku pale Hombolo kwa mkulima atakayepima udongo na kuulisha samadi kwanza, mbolea ya dukani ifuate kwa kiasi. Udongo wake ulishapimwa. Mchana huo bibi shamba, Penina, angekuja kukagua, na asipoikuta samadi shambani, ruzuku ingekwenda kwa mwingine. Msimu mwingine wa majani matupu, Anitha angelazimika kuuza shamba. Mnunuzi wa kwanza kupiga hodi angekuwa Silvano, na kijiji kizima kilijua. Baraka gani hiyo inayokodolea macho shamba la mjane?

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," Silvano alionya.

"Basi nitavunjikia shambani kwangu."

Akashika beleshi, akaanza kuchota pembeni mwa lundo. Silvano alicheka. Mkokoteni ulikwenda, ukarudi, ukaenda tena. Majirani wakapata ghafla sababu za kupita njia ile. Anitha alichimba akimzunguka, hasira ikimpa nguvu, hadi mzee akabaki juu peke yake kama kuku juu ya kichuguu. Hakucheka tena.

Kigoda kikayumba. Silvano akateleza hadi chini, suruali na yote. Anitha alimwinua kwa adabu zote, akamkung'uta, kisha akapakia samadi aliyokuwa ameikalia.

Penina alipofika aliikuta samadi imefukiwa kando ya kila shina. Silvano alikuwa amesimama mpakani, amenuna. Katikati ya mizabibu palikuwa na kigoda chake, kimefutwa safi.

"Baraka imehamia huku, shemeji," Anitha aliita, majirani wote wakisikia. "Karibu uikalie."